Kaburi Nililolipima kwa Hesabu

Siku hizi nikimwona mtu wa Kapseret katikati ya mji wa Eldoret, navuka barabara nimkwepe. Hatujagombana. Ni kwamba najua ataniuliza, huku akijikaza asicheke, kama bado napiga hesabu. Nimefanya mambo mengi ya aibu maishani (kule Timboroa niliwahi kuingiza trekta ya mtu ndani ya bwawa la ng'ombe na kubaki nimekaa kwenye kiti kana kwamba ndipo nilipokuwa nikienda), lakini hayo yalionwa na watu wachache. Hili ninalowaambia lilionwa na mamia ya watu, wakiwemo wachungaji wawili, kwaya nzima, na marehemu mmoja.

Kwanza mnijue. Mimi ni mtu wa kuhama. Niliacha shule nikiwa darasa la saba na tangu hapo nimepasua mbao, nimekamua ng'ombe wa watu, nimeuza mitumba, nimekoroga zege, na hakuna mahali nimekaa mpaka nikazoeleka. Lakini kila nilipopita niliuliza maswali. Kwa nini maziwa hupanda ghafla yakichemka? Kwa nini msumeno una meno yaliyopinda huku na huku? Watu hunijibu siku za kwanza, kisha huanza kuniambia niende nikalete maji.

Wakati huo nilikuwa kwa Fundi Barasa, mtengenezaji wa majeneza, na nilikuwa nimepanga chumba kule mtaa wa West Indies, hapo Eldoret. Aliyekuwa akiishi humo kabla yangu alikuwa ameacha kitabu cha hesabu cha sekondari, amekiweka chini ya mguu wa meza ili meza isitikisike. Nilikitoa nikaiacha meza itikisike. Ndani yake nilikuta sura moja ambayo iliniteka kabisa: maumbo yanayofanana. Kitabu kilisema hivi: pembetatu mbili zikiwa na pembe sawa, basi hiyo kubwa ni ile ndogo iliyokuzwa tu, na ukijua upande mmoja wa ndogo na upande ule ule wa kubwa, unaweza kupata pande zote zilizobaki bila kuzigusa. Bila kuzigusa! Nilisoma ukurasa huo mara tatu, nikafunga kitabu kwa furaha, nikaenda kupima mnara wa kanisa kwa kivuli chake. (Kurasa zilizofuata sikuzisoma. Nilidhani ni mifano tu.)

Wiki hiyo yote niliwasumbua watu. Nilipima mti, nguzo ya stima, paa la mama muuza chapati. Barasa akaanza kuniita Profesa, na si kwa heshima.

Alhamisi moja tukaletewa kazi ya Mzee Okelo. Alikuwa dereva wa lori la maziwa, mtu wa asili ya upande wa ziwa aliyenunua shamba Kapseret akajenga, akafuga, akakaa miaka zaidi ya ishirini. Mkewe, Mama Achieng', ndiye aliyekuja mwenyewe kibandani. Alisema mambo mawili. La kwanza, kwamba mzee wake alikuwa mrefu kuliko watu wa kawaida, kwa hivyo majeneza yaliyo tayari hayangemtosha. La pili alilisema kama anajisemea mwenyewe: kwamba kaka wa marehemu, Mzee Odongo, alitaka nduguye azikwe kwao ziwani, kando ya baba yao, na ilichukua vikao vinne kumfanya akubali Kapseret.

"Amekubali kwa mdomo," akasema. "Sasa naomba Mungu Jumamosi ipite bila kisa. Kukitokea hata kitu kidogo, atambeba. Na akimbeba, mimi nitabaki na nyumba isiyo na mwenyewe."

Barasa akamwambia, "Mama, hakutakuwa na kisa." Mimi pia nikaitikia kwa kichwa.

Sasa mjue vile kazi yetu hufanywa. Jeneza la Barasa lina pande sita: ubao wa kichwani, mbao mbili fupi zinazopanuka hadi mabegani, mbao mbili ndefu zinazopungua hadi miguuni, na ubao wa miguuni. Pembe zake hazipimi. Ana kipande cha bati alichokikata zamani, anakiweka juu ya ubao, anachora, anakata. Bati ni hilo hilo kwa kila jeneza. Likikamilika, anakata fito mbili, mmoja wa urefu wa jeneza na mwingine wa upana wa mabega, na mtu anazipeleka kwa wanaochimba kaburi. Hakuna kuandika wala kutuma namba kwa simu, kwa sababu Barasa anasema namba hubadilika zikipita kwenye masikio ya watu na fito hazibadiliki. Nilikuwa nimecheka utaratibu huo mara kadhaa. Niliuona wa kizamani.

Ijumaa asubuhi Barasa alikuwa amekata zile mbao nne za pembeni, ndefu na fupi. Za kichwani na miguuni bado. Akaniambia, "Profesa, naenda kutafuta vishikio. Nikirudi namalizia hizo mbili, tunaunganisha, nakukatia fito unapeleka Kapseret. Wale wachimbaji wanangoja."

Akaondoka. Mawingu yalikuwa yanajikusanya, na barabara ya kuingia huko ndani mvua ikinyesha haitofautiani na ugali wa maji. Nikakaa nikizitazama zile mbao nne. Mbele ya kibanda palikuwa na jeneza la kawaida, lile la maonyesho. Nikachukua tepu. Ubao mrefu wa jeneza la kawaida: inchi hamsini na nne. Wa Mzee Okelo: sitini na tatu. Ubao mfupi wa kawaida: kumi na nane. Wa Mzee Okelo: ishirini na moja. Moyo ukaruka. Kila inchi sita zimekuwa saba! Nikaweka bati la Barasa kwenye pembe za hili na za lile: sawa sawa. Pembe ni zile zile, pande mbili zimekua kwa kiasi kile kile, basi kulikuwa na nini tena cha kungoja? Ubao wa kichwani wa kawaida ni inchi kumi na tano, kwa hivyo wake utakuwa kumi na saba na nusu. Wa miguuni kumi na mbili, wake kumi na nne. Mabega ishirini na nne, yake ishirini na nane. Niliandika yote kwenye kiganja kwa kalamu, nikaita bodaboda.

(Mtauliza kwa nini sikumpigia Barasa simu. Simu ilikuwa na chaji na ilikuwa na krediti. Sikupiga kwa sababu nilitaka iwe imepatikana kwa hesabu. Hiyo ndiyo sababu yote.)

Kapseret nilikuta shimo limeshachimbwa, refu na pana, na ndani yake walikuwa wanataka kujengea chumba cha matofali cha kuwekea jeneza, kama familia nyingi zinavyofanya siku hizi. Anayesimamia alikuwa Kibet, jirani wa marehemu na fundi wa mawe.

"Fito ziko wapi?" akaniuliza.

"Ziko hapa," nikasema, nikamwonyesha kiganja.

Akakitazama, akanitazama. "Barasa amekutuma na mkono?"

Hapo ningeweza bado kujiokoa, kwa sababu Kibet alikuwa amepanga kujenga chumba cha mstatili, chenye nafasi ya kutosha hata kwa kabati la nguo. Lakini nilikuwa nimeshawaka. Nikamwambia kwa nini tujenge sanduku kama la mahindi, mzee wa watu mwenye heshima zake? Tujenge chumba chenye pande sita, umbo lile lile la jeneza, tuongeze inchi moja moja kila upande, jeneza lishuke likae kama yai kwenye kikombe chake. Nikachora chini kwa kijiti. Vijana wakaja kutazama. Hakuna aliyewahi kuona kaburi la pande sita, na ukishawaambia watu kwamba ni wao wa kwanza, huwezi tena kuwarudisha nyuma.

Mama Achieng' alipita na jirani zake, akasimama, akauliza ni nini kile. Nikamweleza.

"Kama koti la kushonewa," akasema. "Alipenda nguo za kushonewa. Za dukani hazikumtosha mikono."

Basi nikajenga kwa bidii ambayo sijawahi kuipa kazi yoyote. Mimi na Kibet tulimaliza jioni, plasta ndani, laini kama bakuli. Mvua ilikuwa imekwepa. Barasa aliponipigia kuuliza habari za fito, nikamwambia vipimo vimeshafika. Nililala hapo hapo Kapseret, kwa Kibet, nikiwa mtu mwenye furaha.

Jumamosi jeneza lilitoka mochari moja kwa moja hadi nyumbani. Barasa hakuja, alikuwa na kazi nyingine. Nililiona likishushwa kwenye gari na wanaume wanane, na nikaona ni pana. Nilijiambia macho hudanganya. Kitu kikiwa mbali na kikiwa kimezungukwa na watu wanaolia huonekana kikubwa zaidi. Mtu akitaka kujidanganya hakosi sababu.

Ibada ilienda vizuri. Mzee Odongo aliongea, mtu mrefu kama nduguye, koti jeusi, fimbo mkononi. Alisema amekubali ndugu yake alale ugenini kwa ajili ya amani. Neno hilo "ugenini" lilimfanya Mama Achieng' ainamishe kichwa. Kisha tukaenda kaburini, mchungaji akasoma, kamba zikapitishwa chini ya jeneza, na mimi nikashika mojawapo kwa sababu nilitaka kuwa karibu litakapokaa.

Likashuka polepole. Likafika kwenye ukingo wa matofali. Likasimama.

Tukalegeza kamba. Halikwenda. Jeneza lilikuwa limekaa juu ya kile chumba changu cha pande sita, limekifunika kushoto na kulia kwa usawa kabisa, kama kifuniko cha sufuria. Kama mtu angelipima liwe kifuniko asingeweza kulipatia vizuri hivyo.

Kwaya iliendelea kuimba, kisha sauti ya pili ikanyamaza, kisha ya tatu, mpaka akabaki mama mmoja mwenye sauti nyembamba ambaye alikuwa amefumba macho.

"Inueni, mgeuze," mtu akasema. "Labda kichwa kimewekwa miguuni."

Tukainua, tukageuza. Sasa ilikuwa vibaya zaidi, mabega yalikuwa kwenye miguu. Tukageuza tena. Watu wakaanza kuulizana. Mzee mmoja wa Kapseret mwenye nia njema akasema, "Mlazeni upande, aingie kwa ubavu," na wanawake wakapiga kelele za kumkemea hata akarudi nyuma ya watu wengine. Kijana mwingine akapendekeza mtu mzito apande juu kidogo tu. Huyo aliondolewa.

Wakati huo wote nilikuwa nimeshika kamba na nikijua. Nilikuwa najua tangu sekunde ya kwanza. Kibet, aliyeshika kamba ya pili, alisogea akaninong'oneza bila kufungua midomo, "Nyamaza hivyo hivyo. Tutasema matofali yamevimba usiku."

"Matofali hayavimbi."

"Leo yamevimba."

Ndipo Mzee Odongo akasogea hadi ukingoni. Alitazama chini kwa muda mrefu. Ndege ilikuwa inashuka kuelekea uwanja wa ndege ulio karibu, akaingoja ipite, na watu wote wakangoja naye.

"Mmeona?" akasema, hata hakupaza sauti. "Ndugu yangu amekaa juu. Hataki kushuka."

Yule mama wa sauti nyembamba akafumbua macho.

"Mimi nilisema tangu kikao cha kwanza. Huyu si mtu wa kulala huku. Nilinyamaza ili nisionekane mbaya. Sasa mwenyewe ameongea. Mleteni kwenye gari. Kabla ya giza atakuwa kwa baba yake."

"Shemeji," Mama Achieng' akasema. "Shemeji, tafadhali."

"Si mimi, Mama. Mwulize yeye." Akaelekeza fimbo kwenye jeneza.

Na watu wakaanza kuamini. Niliona ikitokea kwenye nyuso, kama upepo unavyopita kwenye ngano. Waliotoka ziwani walikuwa wanatikisa vichwa, na hata majirani wa Kapseret, ambao hawana desturi ya marehemu kukataa kaburi, walikuwa wanarudi nyuma hatua moja moja. Mchungaji alifungua Biblia yake akaifunga. Vijana wanne wa upande wa Mzee Odongo walishaanza kukunja mikono ya mashati.

Mama Achieng' hakulia. Alikuwa anatazama lile shimo la pande sita, na nadhani alikuwa anaanza kuamini pia, kwamba mtu aliyekaa naye miaka yote hiyo alikuwa akitaka kuondoka.

Ni hilo lililonishinda. Si ujasiri, nisiwadanganye. Nilitoa tepu mfukoni (ilikuwa imekaa humo tangu jana), nikaruka ndani hadi ukingo wa matofali, nikaivuta juu ya jeneza la watu mbele ya watu wote. Tepu ya chuma ikivutwa kimyani hulia vibaya. Nikasoma kwa sauti, sijui kwa nini kwa sauti:

"Thelathini na mbili!"

Watu wakanitazama.

"Inchi thelathini na mbili," nikarudia. "Mabegani. Mimi nimejenga thelathini."

Mzee Odongo akainama. "Wewe ni nani?"

"Mimi ndiye niliyepiga hesabu, Mzee."

"Hesabu gani?"

Sasa fikirieni. Niko ndani ya kaburi hadi kifuani, nimeegemea jeneza, na ninaombwa nieleze hesabu. Nikaeleza. Nilisema sikungoja fito. Nilisema pembe za jeneza la kawaida na pembe za hili ni sawa, kwa kuwa fundi anatumia bati moja, na kwamba mbao za pembeni zilikuwa zimekua, kila sita zikawa saba, kwa hivyo na kichwani na miguuni na mabegani ilikuwa lazima kuwe hivyo hivyo, kwa sababu maumbo yenye pembe sawa yanafanana, kitabu kimesema, na ukijua upande mmoja…

"Hapana!"

Sauti ilitoka kwenye viti vya familia. Alikuwa binti ya marehemu, Apiyo, mwalimu wa hesabu katika shule ya sekondari. Alikuwa amekaa na leso usoni tangu asubuhi na sasa alikuwa amesimama, leso mkononi, macho mekundu, na alikuwa na hasira ya aina nyingine kabisa, ile ya mwalimu.

"Hiyo ni ya pembetatu! Ya pembetatu peke yake! Umbo likiwa na pande zaidi ya tatu, pembe kuwa sawa haitoshi. Lazima na pande zote ziwe na uwiano mmoja. Zote! Umepima ngapi?"

"Mbili, mwalimu," nikasema.

"Kati ya aina ngapi?"

"Nne."

"Zile zilizobaki ulizitoa wapi?"

Nilitazama kiganja, lakini nilikuwa nimekwisha kukiosha. Mtu mmoja nyuma akacheka, akajifanya anakohoa.

"Apiyo, mwanangu," Mzee Odongo akasema, "haya ni maziko."

"Anko, ngoja." Akaja ukingoni, akaokota kijiti, akachora kwenye rundo la udongo wa kaburi la baba yake. "Tazama. Huu ni mlango wa nyumba ya baba. Una pembe nne, zote mraba. Hili ni dirisha la sebuleni. Nalo lina pembe nne, zote mraba. Pembe ni zile zile, si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Ukikuza dirisha litakuwa mlango?"

Mzee Odongo alifikiri. Alifikiri kwa haki, sitamnyima hilo. "Hapana. Litakuwa dirisha kubwa."

"Basi. Baba alikuwa mrefu, lakini pia alikuwa mpana. Fundi alifanya nini? Alirefusha mbao za pembeni kwa sababu ya urefu. Kisha kichwani na miguuni akaweka mbao pana zaidi kwa sababu ya mabega. Pembe hakugusa. Huyu," akanielekezea kijiti kama vile mtu huelekeza kilichoharibika, "aliona pembe hazijabadilika akadhani hakuna kilichobadilika. Nipe hiyo tepu."

Nikampa. Akapima kichwani: ishirini na moja na nusu. Akaniuliza mimi nilipata ngapi. Nikasema kumi na saba na nusu. Miguuni: kumi na nane. Mimi: kumi na nne. Mabegani thelathini na mbili, mimi ishirini na nane kabla ya kuongeza zile inchi mbili za heshima.

"Nne, nne, nne," akasema Apiyo. "Kila mahali nne. Anko, baba hajakataa. Mtu akikataa hakatai kwa inchi nne kila mahali."

Mama mmoja wa kwaya akaanza kucheka, na alicheka vibaya, kicheko kile cha kujizuia hadi mabega yanatetemeka, na aliyekaa naye akaambukizwa, na kabla sijaelewa nusu ya maziko ilikuwa inacheka na nusu inawakemea wanaocheka. Waliponitazama tena sikujua mikono niiweke wapi. Niliiweka juu ya jeneza, nikakumbuka ni jeneza, nikaiondoa.

Mzee Odongo hakucheka. "Mmesema ni hesabu," akasema. "Sawa. Ondoeni hayo matofali. Akishuka, ni hesabu. Akikaa juu tena, nitamchukua, na hakuna mwalimu atakayenizuia."

Jeneza likainuliwa, likarudishwa kwenye meza chini ya hema. Nikaletewa nyundo na tindo. Kibet alisema mgongo unamuuma. (Mgongo wake ulipona wakati wa chakula.) Nikaingia peke yangu, nikaanza kubomoa kile chumba laini kama bakuli, tofali moja moja, nikiyarusha juu. Simiti ya siku moja bado ni laini, lakini haikubali haraka. Kwaya iliambiwa iimbe kujaza muda. Waliimba nyimbo zote za maziko walizozijua, wakarudia zile nzuri, kisha wakaanza za Krismasi, kwa sauti ya chini. Watu walikuja ukingoni kutazama kwa zamu, na kila mmoja alikuwa na la kusema.

"Profesa, hapo kushoto umebakisha inchi."

"Msimwambie inchi, ataanza tena."

"Huyu akipimia mtu suruali, mtu ataenda kanisani na blanketi."

Niliendelea kupiga tindo. Nilikuwa nafikiri, na kitu cha ajabu ni kwamba nilikuwa nafikiri juu ya mlango na dirisha. Ulikuwa mfano mzuri sana. Nilijiuliza kwa nini mimi, niliyepita milango na madirisha maisha yangu yote, sikuwahi kuuona. Katikati ya fedheha hiyo kulikuwa na sehemu ya kichwa changu iliyokuwa imefurahi kabisa, na niliionea aibu kuliko kaburi lenyewe.

Lilibaki shimo tupu la udongo mwekundu, la mstatili, pana. Nikatolewa kwa mkono. Kamba zikapitishwa tena. Hakuna aliyenipa kamba.

Jeneza likashuka. Mama Achieng' alikuwa ameshika mkono wa binti yake na midomo yake ilikuwa inasogea, sijui kama alikuwa anaomba au anahesabu. Likapita pale lilipokwama. Likaendelea. Likagusa chini, na sauti yake ilikuwa ndogo tu, kama mtu anayeweka kikombe mezani. Kamba zikalegea. Mzee Odongo alisimama kidogo, kisha akainama akachukua udongo kwa mkono wake wa kulia, akautupa wa kwanza, akasema maneno kwa lugha yao ambayo sikuyaelewa. Mama Achieng' aliyaelewa. Ndipo akalia.

Nilidhani nitatoroka wakati wa chakula, lakini unapokuwa umejaa udongo hadi kwenye nyusi huwezi kupita bila kuonwa. Nilikuwa nanawa kwenye bomba nyuma ya zizi la ng'ombe Mzee Odongo aliponijia. Nilijiandaa kwa fimbo.

"Kijana," akasema. "Yule mwenzako, fundi wa mawe, alikuambia nini pale kwenye kamba?"

"Aliniambia ninyamaze, Mzee."

"Ungenyamaza, ningempeleka nyumbani."

"Najua, Mzee."

"Na ningeamini mpaka siku ya kufa kwangu kwamba aliniita. Kwamba alitaka kuja." Akanitazama nikiosha masikio. "Ungeniachia hilo. Sasa nimebaki na hesabu tu." Akavuta pumzi. "Sijui nikushukuru au nikupige."

Nikamwambia hata mimi sijui. Akatikisa kichwa, akarudi kwa watu, na nikamwona akivuta kiti akikiweka kando ya shemeji yake.

Barasa alinifukuza kazi Jumatatu, akanirudisha Jumatano, kwa sababu wateja walikuwa wanakuja kuuliza kama ni hapa anapofanya kazi yule mtu. Nimekisoma kile kitabu kuanzia pale nilipoachia. Yale niliyoyadhani ni mifano tu yalikuwa ndiyo maneno ya Apiyo, karibu neno kwa neno, isipokuwa walioandika kitabu hawakuweka kaburi. Bado napiga hesabu, sitaweza kuacha. Lakini nimejiwekea sheria moja na hii sitaivunja: kitu ambacho sijakigusa kwa mkono wangu, hata kama najua kipimo chake kwa hakika kabisa, sitamjengea mtu chochote kwa kipimo hicho.